Foleni ya Msaada na Wasiokuwamo Katika Orodha

Husemwa kwamba maafa ya asili hayabagui, kwa kuwa maji ya mafuriko huingia nyumba ya tajiri kama yanavyoingia ya maskini, na tetemeko la ardhi haliulizi dini wala kabila la mtu kabla ya kumwangushia paa. Usemi huo ni wa kweli kwa dakika chache za mwanzo tu. Baada ya hapo binadamu ndio wanaoamua nani aandikwe, nani apewe hema, nani alale wapi na nani aoge wapi, na maamuzi hayo, ambayo mara nyingi hufanywa na watu wenye nia njema waliokesha siku kadhaa, hubeba ndani yake picha ya mtu wa kawaida na ya familia ya kawaida. Makala haya yanahusu watu wasioonekana katika picha hiyo. Duniani hutajwa kwa kifupisho LGBT, yaani wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, wanaovutiwa na jinsia zote mbili, na watransjenda, ambao ni watu wanaojitambua na kuishi kwa jinsia isiyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Mara nyingi huongezwa mahuntha, wanaozaliwa na maumbile ambayo si ya kiume kamili wala ya kike kamili.

Chuki ya wazi dhidi yao ipo, na itatajwa inapostahili. Hata hivyo, anayefuatilia maafa makubwa yaliyotokea tangu mwaka 2004, kuanzia Bahari ya Hindi hadi Karibi na Japani, ataona kwamba madhara mengi waliyoyapata hayakutoka kwa mtu aliyekusudia kuwadhuru, bali yalitokana na fomu yenye visanduku viwili, kadi iliyotolewa kwa jina la mkuu wa kaya, bafu la pamoja lisilo na komeo, na dhana kwamba kila mtu ana ndugu wa kumpokea. Hayo yote yalipangwa na watu, tena mengi yake wakati wa utulivu, na kwa sababu hiyo yanaweza kupangwa upya.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka kusini mwa India. Tarehe 26 Desemba 2004, tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra lilizusha tsunami, yaani mfululizo wa mawimbi makubwa yanayosukumwa na kuinuka kwa sakafu ya bahari, na mawimbi hayo yakaua watu wapatao 230,000 katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi, yakafika hadi Somalia, Kenya na Tanzania, ambako pia yaliua. Katika jimbo la Tamil Nadu, ambalo wilaya yake ya Nagapattinam ndiyo iliyoumia kuliko zote nchini India, wanaishi watu wanaojulikana kama Aravani. Hawa huzaliwa wakiitwa wavulana, kisha huishi kama wanawake au kama watu wa jinsia ya tatu, na jina lao linatokana na Aravan, shujaa wa utenzi mkongwe wa Mahabharata, ambaye wao humkumbuka kila mwaka katika tamasha la kijiji cha Koovagam. Si watu wageni wala si mtindo ulioletwa na filamu za Magharibi. Jamii inayowazunguka inawafahamu tangu enzi na enzi, ingawa kuwafahamu hakujawa sawa na kuwaheshimu.

Mtafiti Chaman Pincha, aliyechunguza jinsi tsunami ilivyowaathiri watu kulingana na jinsia zao, alikuta kwamba Aravani waliokufa hawakuingizwa katika kumbukumbu rasmi, na walionusurika hawakupewa nafasi katika makazi ya muda wala fidia iliyotolewa kwa wengine. Ili kuelewa jambo hilo linavyotokea bila mtu yeyote kutoa amri ya ubaguzi, ni lazima kuijua kadi ya mgao. Nchini India wakati huo, kadi hiyo ilimwezesha mwananchi kununua mchele na mafuta ya taa kwa bei nafuu katika maduka yaliyoidhinishwa na serikali, na kwa kuwa huorodhesha watu wa kaya pamoja na mahali wanapoishi, imekuwa pia hati ya kuthibitisha makazi. Aravani aliyefukuzwa nyumbani akiwa kijana huwa ameachwa nje ya kadi hiyo, au jina lake limebaki katika kadi ya baba kama mtoto wa kiume ambaye hajaonekana kwa miaka mingi. Karani anayekuja na orodha baada ya bahari kurudi mahali pake hamkuti mtu huyo kokote; mbele yake amesimama mwanamke anayesema kwamba ndiye kijana aliyeandikwa, na fomu aliyoishika ina nafasi mbili tu za jinsia. Aliyekufa bila kuandikwa hana wa kudai fidia yake, na waliokuwa wakiishi naye chini ya paa moja, wakipikiana na kuuguzana, hawatambuliki kuwa wafiwa.

Tamil Nadu ilijirekebisha kwa kiasi. Mwaka 2008 iliunda bodi ya ustawi wa watransjenda, ya kwanza ya aina yake nchini India, na ikaanza kutoa kadi za mgao zinazowatambua, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya India ikaamua kwamba jinsia ya tatu itambulike kisheria kote nchini. Miaka iliyopita kati ya wimbi na kadi ni miaka ya watu halisi waliojenga upya vibanda vyao bila msaada ambao majirani zao waliupata. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na kila anayesema kwamba masuala ya vitambulisho vya watu wachache yanaweza kusubiri hadi matatizo makubwa yaishe.

Haiti inatoa funzo tofauti, kwa kuwa sheria za nchi hiyo hazikuharamisha mapenzi ya jinsia moja, na kwa hiyo kanuni ya adhabu haiwezi kubebeshwa lawama yote. Alasiri ya tarehe 12 Januari 2010, tetemeko lenye ukubwa wa 7.0, ambalo kitovu chake kilikuwa karibu na mji wa Léogâne, liliangusha sehemu kubwa ya mji mkuu wa Port-au-Prince, likaua watu ambao serikali iliwakadiria kuwa zaidi ya 200,000, na kuwaacha wengine wapatao milioni moja na nusu bila makao. Miongoni mwa majengo yaliyoanguka ilikuwamo ofisi ya SEROvie, shirika la Kihaiti lililokuwa likitoa huduma za kinga dhidi ya Ukimwi na ushauri kwa wanaume wanaopenda wanaume na kwa watransjenda. Kikundi chao cha kusaidiana kilikuwa kikikutana saa hiyo, na watu 14 wakafa. Pamoja na roho hizo ilipotea mojawapo ya sehemu chache mjini ambamo watu hao waliweza kupata huduma na kuzungumza bila kujificha, na hasara ya namna hiyo haionekani katika hesabu yoyote ya majengo yaliyobomoka.

Mwaka uliofuata SEROvie, kwa kushirikiana na shirika la kimataifa la haki za binadamu ambalo siku hizi linaitwa Outright International, ilichapisha taarifa juu ya hali ya watu wa LGBT baada ya tetemeko. Sehemu yake inayopaswa kusomwa kwa makini kuliko zote inahusu ugawaji wa chakula. Katika wiki za mwanzo malori ya chakula yalikuwa yakivamiwa, wanaume wenye nguvu wakawa wanawasukuma kando wazee na akina mama, na ndipo Mpango wa Chakula Duniani ulipoamua, mwishoni mwa Januari, kwamba vocha za kuchukulia magunia ya mchele ya kilo 25 wapewe wanawake peke yao, kwa imani kwamba chakula kilichomo mikononi mwa mama huifikia familia nzima. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzuri, na kwa kaya nyingi ulifanya kazi kama ilivyotarajiwa. Lakini ulichukulia kwamba kila mwanamume ana mke, mama au dada wa kumsimamia katika foleni, jambo ambalo si kweli kwa mwanamume aliyekataliwa na ukoo wake akawa anaishi na mwenzake wa kiume, wala kwa mtransjenda anayeishi kama mwanamke huku hati zake zikimtaja kuwa mwanamume. Watu hao walijikuta nje ya mpango wa chakula bila yeyote kuwatamkia neno la kuwafukuza.

Kambi nazo zilikuwa na hatari zake. Palipokuwa na kuta za zege sasa kulikuwa na turubai, na maisha ambayo mtu aliyaficha kwa miaka mingi nyuma ya mlango wenye kufuli yakawa yanasikika na kuonekana na majirani asiowajua. Wanaume waliotambulika kwa mwendo au sauti walisimulia jinsi walivyojilazimisha kutembea na kuzungumza kwa namna nyingine ili wasishambuliwe. Wanawake wanaopenda wanawake walibakwa na wanaume waliodai kwamba wanawarekebisha, na waliofikiria kwenda polisi walijua kwamba huenda wao ndio wakalaumiwa. Ubakaji ulikuwa janga la kambi zote za Haiti, na wanawake wa kila aina waliteswa nao; tofauti ni kwamba kwa hawa hata jirani mwenye huruma angeweza kugeuka akijua sababu ya shambulio.

Juu ya hayo yote kulikuwa na lawama. Redioni na mitaani walisikika wahubiri waliosema kwamba tetemeko lilikuwa adhabu ya Mungu kwa dhambi za mashoga, na watu walioumia na kufiwa kama wengine wakawa wanatazamwa kana kwamba ndio waliouleta msiba. Hilo halikuanzia Haiti. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans nchini Marekani tarehe 29 Agosti 2005, wapo waliotangaza kwamba kilitumwa kuuzuia mkusanyiko wa kila mwaka wa mashoga uitwao Southern Decadence, uliokuwa uanze siku chache baadaye. Ramani ya mafuriko inapingana na dai hilo moja kwa moja, kwa sababu mtaa wa French Quarter, ambao ndio uwanja wa sherehe hizo, uko katika sehemu iliyoinuka na kwa kiasi kikubwa haukufunikwa na maji, ilhali Lower Ninth Ward, mtaa wa Wamarekani weusi wenye kipato kidogo na makanisa mengi, ulizama. Kilichoizamisha New Orleans ni kingo za mifereji zilizojengwa vibaya, na anayeyatafutia maafa mkosaji wa kiroho humwondolea mhandisi na mwanasiasa wajibu wa kujibu maswali.

Msomaji anaweza kuwa na imani inayokataza mapenzi ya jinsia moja, na makala haya hayakusudii kuhoji imani yake. Swali lililopo ni jingine kabisa: je, msaada wa dharura ni hukumu juu ya mwenendo wa mtu? Harakati za Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu zilijibu swali hilo zilipotangaza kanuni zake saba mwaka 1965, mojawapo ikiwa ni kutopendelea, yaani kumsaidia mtu kwa kipimo cha mateso yake pekee na kuanza na aliye taabani zaidi. Mwenye njaa hakaguliwi maisha yake kabla ya kupewa sahani, na hakuna dini miongoni mwa zile zinazofuatwa na wasomaji wengi wa Kiswahili inayofundisha kinyume chake.

Hata pale ambapo chuki ya wazi ni ndogo na serikali ina uwezo mkubwa, mpangilio wa makazi ya dharura unaweza kumtoa mtu nje. Japani ilipopigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.0 na tsunami tarehe 11 Machi 2011, mamia ya maelfu ya watu walikimbilia katika kumbi za michezo za shule, wakalala sakafuni wakiwa wamebanana familia kwa familia. Azusa Yamashita, mwanaharakati wa mkoa wa Iwate aliyeanzisha mtandao wa kuwaunganisha watu wa LGBT baada ya msiba huo, ameeleza pamoja na wenzake jinsi watransjenda walivyosita kutumia vyoo na mabafu yaliyogawanywa kwa wanaume na wanawake, walivyoogopa kuomba nguo za ndani au taulo za hedhi mbele za watu, na walivyokosa homoni, ambazo ni dawa zinazoupa mwili sifa za jinsia ambayo mtu anaishi nayo. Wengine waliona ni afadhali wasiende kabisa makazini. Mtu aliyekaa katika nyumba iliyopasuka kwa kuogopa bafu hahesabiwi kuwa mhitaji, kwa kuwa chakula, dawa na taarifa vyote hupitia makazini.

Hofu hiyo si ya kubuni. Baada ya Katrina, mtransjenda mmoja kijana aliyehamishiwa Texas alikamatwa na kuwekwa jela siku kadhaa kwa sababu alitumia bafu la wanawake katika kituo cha kuwahifadhi waathirika. Alikuwa amepoteza makao yake kwa mafuriko, na kituo kilichofunguliwa kumhifadhi kikampeleka mahabusu kwa sababu ya kuoga.

Suala la dawa linahitaji maelezo zaidi, kwa maana linawagusa watu wengi kuliko wanaodhaniwa. Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi hutakiwa kumezwa kila siku bila kukatiza, kwani mwili ukizikosa virusi huongezeka na vinaweza kujenga usugu. Wanaume wanaopenda wanaume na watransjenda, ambao katika nchi nyingi wana maambukizi zaidi ya wastani wa taifa, mara nyingi huchukulia dawa hizo katika kliniki moja wanayoiamini, mbali na mtaa wao, ili wasitambulike. Barabara ikikatika au kliniki hiyo ikianguka, kama ilivyoanguka ofisi ya SEROvie, hawana kituo cha pili, na kwenda katika zahanati ya kambi kueleza hali zao mbele ya foleni ya majirani ni jambo ambalo wengi hawaliwezi.

Upo pia mkanganyiko wa kisheria kuhusu wanaoishi pamoja bila ndoa inayotambulika. Wakati wa Katrina, sheria ya shirikisho nchini Marekani haikuwatambua wanandoa wa jinsia moja kwa lolote, na hali hiyo ilidumu hadi uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2013. Nepal ilikuwa mbele zaidi kisheria, kwa kuwa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mnamo Desemba 2007 kwamba watu wa jinsia ya tatu watambuliwe na wapewe hati za uraia zinazowastahili, kufuatia kesi iliyofunguliwa na Sunil Babu Pant wa shirika la Blue Diamond Society pamoja na wenzake. Lakini tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, lililoua watu karibu 9,000, lilipofuatiwa na ruzuku ya serikali ya rupia 300,000 kwa kila kaya ya kujengea nyumba, sharti la kuipata lilikuwa hati ya umiliki wa ardhi. Aliyetengwa na ukoo huwa ametengwa pia na urithi. Haki iliyopatikana mahakamani haikuweza kumpa shamba ambalo kaka zake waligawana bila yeye, na hapa ndipo inapoonekana kwamba mateso ya maafa huwa yameandaliwa miaka mingi kabla ya ardhi kutikisika.

Itakuwa makosa kuwaeleza watu hawa kama wanyonge wanaosubiri kuhurumiwa. Mlima Merapi nchini Indonesia ulipolipuka mwishoni mwa Oktoba na Novemba 2010, ukiua zaidi ya watu 300 na kuwahamisha mamia ya maelfu, jamii ya waria wa Yogyakarta, ambao ni watu waliozaliwa wakiitwa wanaume wanaoishi kwa namna ya kike, haikuonekana katika orodha za makazi ya serikali, kwa kuwa wengi walikimbilia kwa marafiki. Watafiti Benigno Balgos, JC Gaillard na Kristinne Sanz walipowafuatilia waligundua kwamba, licha ya kuachwa nje ya mipango, waria walikusanya michango na kwenda kambini kuwakata nywele na kuwapamba wakimbizi wa volkano bila malipo. Wengi wao ni mafundi wa saluni, na walitoa walichokuwa nacho. Anayedhani kwamba kukatwa nywele ni jambo dogo hajakaa wiki tatu katika ukumbi wenye majivu, bila kioo, akisubiri kuambiwa kama kijiji chake bado kipo.

Huko Irosin nchini Ufilipino, mji ulio chini ya volkano ya Bulusan na katika njia ya vimbunga, Gaillard na wenzake walieleza jinsi vijana waitwao bakla, wenye tabia za jinsia zote mbili, wanavyofanya kazi za pande zote mbili familia inapokumbwa na mafuriko: hubeba vitu vizito kama kaka zao na hulea wadogo kama dada zao. Baada ya maafa huzunguka nyumba hadi nyumba wakikusanya chakula na nguo kwa ajili ya waliopoteza zaidi. Ni watu wanaojua nani ana mgonjwa ndani na nani hajala, ujuzi ambao mashirika makubwa hulazimika kuwalipa washauri ili kuupata. Hata hivyo, katika vituo vya kujihifadhi vijana haohao hudhihakiwa na kukosa faragha.

Kimataifa maandishi yameanza kubadilika, ingawa kwa mwendo usiolingana. Mpango wa Sendai, ambao mataifa yaliukubali nchini Japani mwezi Machi 2015 uwe mwongozo wa kupunguza hatari za maafa hadi 2030, unazungumzia wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu, lakini haumtaji mtu kwa msingi wa mwelekeo wake wa kimapenzi. Kitabu cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada hukitumia kama kipimo cha maji, chakula, makazi na afya katika dharura, kiliwataja watu wa LGBT waziwazi katika toleo la 2018.

Kuwataja katika mwongozo ni rahisi kuliko kuwafikia, na hapa pana mtego ambao watetezi wao wenyewe wamekuwa wakionya kuuhusu. Dawa inayofikiriwa haraka ni kuongeza kisanduku katika fomu, mtu aandike alivyo, kisha asaidiwe ipasavyo. Katika nchi ambamo kujulikana kunaweza kumpeleka mtu gerezani au kumletea kipigo, orodha ya namna hiyo ni hatari kuliko kuachwa nje ya orodha, kwani karatasi huibwa, kompyuta hufunguliwa, na mwandikishaji wa kambi anaweza kuwa ndugu wa jirani. Sheria ya Uganda dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, iliyotiwa saini mwezi Mei 2023, ilikuwa na kifungu cha kumtaka mtu aripoti anaowashuku na vingine vya kumwadhibu mwenye jengo anayeruhusu kwa kujua litumike kwa mapenzi hayo. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo, ikiwamo adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, lakini ikavifuta vifungu hivyo. Kama vingebaki, msimamizi wa makazi ya muda au muuguzi wa kambi angelazimika kuchagua kati ya kazi yake na sheria ya nchi. Kenya na Tanzania nazo zina vifungu vya kanuni ya adhabu vilivyorithiwa kutoka utawala wa Waingereza, vinavyotosha kumfanya mtu anyamaze mbele ya meza ya uandikishaji.

Kwa hiyo njia iliyo salama zaidi ni kupanga msaada kwa namna ambayo haimlazimishi mtu kueleza alivyo. Kaya iandikwe kuwa ni watu wanaolala na kula pamoja, kama wanavyojieleza wenyewe, bila kudai cheti cha ndoa wala undugu wa damu, na mtu anayeishi peke yake aandikwe kuwa kaya kamili. Baadhi ya vyoo na mabafu vijengwe vya mtu mmoja mmoja vyenye komeo kwa ndani na taa kwa nje, jambo litakalomfaa pia mama anayemwogesha baba yake mgonjwa na msichana anayeogopa giza la kambi. Chakula kinachotolewa kwa wanawake kiwe na njia ya pili isiyomdai mtu maelezo marefu. Sehemu ya msaada ipitie katika vikundi ambavyo walengwa wanaviamini, kama SEROvie ilivyokuwa kwa Wahaiti, na majina ya walengwa yabaki kwa vikundi hivyo. Gharama ya hayo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya malori na ndege.

Afrika Mashariki ina sababu zake za kulitazama jambo hili. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua karibu watu 300 nchini Kenya, na mengi kati ya makazi yaliyosombwa Nairobi yalikuwa vyumba vya kupanga kando ya mito. Mjini, anayethibitisha kwamba mtu fulani aliishi mahali fulani ni kiongozi wa ngazi ya chini kabisa: chifu na wazee wa nyumba kumi nchini Kenya, au mwenyekiti wa mtaa nchini Tanzania, ambaye barua yake ya utambulisho hufungua milango mingi. Mtu aliyehama kwao kwa kufukuzwa, anayebadili chumba kila majirani wanapoanza kumsengenya, huwa hajulikani kwa kiongozi huyo, au anajulikana kwa sifa ambayo haitamsaidia. Kenya imekwisha kuonyesha kwamba taifa linaweza kuamua kuhesabu watu ambao halikuwa likiwahesabu, kwani sensa ya 2019 iliandika mahuntha 1,524, nao wakawa na nafasi yao katika takwimu za nchi kwa mara ya kwanza. Idadi hiyo inaaminika kuwa chini ya uhalisia kwa sababu wazazi wengi huwaficha watoto wa namna hiyo, lakini hata idadi ndogo humpa mpangaji wa vyoo na dawa mahali pa kuanzia.

Mamlaka za hali ya hewa za nchi hizi hutoa utabiri wa mvua za masika kabla ya msimu kuanza, na kamati za maafa za wilaya na kaunti huupokea. Katika muda huo maghala huhesabiwa, shule zitakazokuwa makazi huteuliwa na fomu za kaya huandaliwa. Fundi anaweza kuweka komeo katika mlango wa bafu la shule kwa siku moja, na tafsiri ya neno kaya katika fomu inaweza kurekebishwa kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Mvua ikishaanza na watu wakiwa wamepanga foleni, hakuna karani atakayekuwa na nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo mawili.